Kingwana hakina kosa: madai sita juu ya wakati uliopo wa Kiingereza

Kwa mwanafunzi wa sekondari wa Kasongo au Kabambare, Kiingereza ni lugha ya tatu, pengine ya nne. Nyumbani kuna Kibangubangu, Kizimba, Kikusu au Kisonge. Sokoni na barabarani kuna Kiswahili chetu, Kingwana. Darasani kuna Kifaransa. Kiingereza kinamfikia mwisho, mara nyingi kikifafanuliwa kwa Kifaransa, na kabla hajakaa kwenye mtihani wa taifa, Exetat, anakuwa amekaririshwa kanuni fupi fupi zinazorithiwa darasa hadi darasa. Nyingi zinahusu jambo moja: lini useme “I work” na lini “I am working”, na vitenzi visaidizi kama “do”, “is” na “have” vinafanya kazi gani hasa.

Zamani kanuni hizo zilimgharimu mtu alama chache za mtihani, basi. Leo zinamgharimu zaidi. Kongo ilitia sahihi kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, na mwezi Julai mwaka huohuo ikawa mwanachama kamili. Mkataba wa Jumuiya hiyo, uliosainiwa 1999, umekitaja Kiingereza kuwa lugha yake rasmi. Karibu na nyumbani, huko Salamabila katika eneo la Kabambare, mgodi wa dhahabu wa Namoya ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016 chini ya Banro, kampuni ya Kanada. Kijana anayeomba kazi au anayefanya biashara kuvuka mipaka atakutana na Kiingereza, na atapimwa kwa kitenzi cha kwanza kitakachomtoka mdomoni. Kwa hiyo inafaa tuyapime madai haya moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: “-na-” ya Kiswahili ndiyo “-ing” ya Kiingereza

Dai hili linazaa makosa mengi kuliko yote. Ubaoni huandikwa “ninasoma”, na mbele yake “I am reading”. Mwanafunzi anaondoka na sheria kichwani: kila ukiona “-na-”, weka “am”, “is” au “are”, kisha ongeza “-ing”. Muda si mrefu daftari lake limejaa “I am knowing the answer”, “My father is having two fields”, “We are speaking Swahili in Kasongo every day”.

Tuchukue sentensi moja ya soko la Kasongo: “Mama anauza mchele.” Sentensi hiyo inajibu maswali mawili tofauti. Mtu akiuliza mama yuko wapi saa hizi, jibu lina maana kwamba yuko mezani pake, kopo mkononi, anampimia mteja. Mtu akiuliza mama anajipatiaje riziki, maneno yaleyale yanatosha, hata kama ni usiku wa manane na mama amelala. Kiswahili kinaacha mazungumzo yenyewe yaamue maana. Kiingereza kinamlazimisha msemaji aamue kabla hajafungua kinywa: “She is selling rice” kwa aliye mezani, “She sells rice” kwa mwenye kazi hiyo. Kwa hiyo “-na-” imebeba mizigo miwili, na “-ing” inapokea mmoja tu.

Kuna na vitenzi visivyoeleza tendo bali hali: kujua, kutaka, kuamini, kupenda, kumiliki. Kiswahili kinaviweka bila shida katika “-na-”: ninajua, ninataka, ninaamini. Kiingereza cha vitabu na cha mitihani hakivipi “-ing” katika matumizi ya kawaida, kwa sababu hali haina hatua za kuangalia zikiendelea. “I know”, “I want”, “I believe”, imetosha.

Hapo msomaji atapinga: mbona redioni tunawasikia watu wa Afrika Mashariki wakisema “I am having a problem”, na Wahindi vilevile? Ni kweli. Kiingereza cha India na cha Afrika Mashariki kimepanua matumizi ya “-ing”, na wanaokitumia wanaelewana vizuri. Ila anayesahihisha mtihani ana kipimo chake. Tena kitenzi “have” chenyewe kinafundisha jambo. “I have two goats” ni kumiliki, hakuna “-ing”. “I am having lunch” ni kula, ni tendo, na “-ing” inakaa sawasawa. Ukikariri orodha ya vitenzi vilivyokatazwa bila kuuliza maana, utakosea hata hapo.

Dai la pili: wakati uliopo sahili ni wa jambo linalotokea sasa hivi, ndiyo maana unaitwa “uliopo”

Jina limewapotosha wengi. Kwa vitenzi vya vitendo, umbo sahili ndilo lisiloshughulika na dakika hii. Linasema jambo lilivyo kwa kawaida, tabia, kazi, ratiba, ukweli wa siku zote.

Mfano mzuri upo hapahapa kwetu. David Livingstone alikaa Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, kwa miezi mingi ya 1870 hadi mwanzo wa 1871, miguu ikimtesa kwa vidonda. Kisha akafika Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, na karatasi zilipomwishia akaandika kumbukumbu zake juu ya kurasa za gazeti la zamani, kwa wino wa matunda. Swali lililomfikisha huko linahitaji umbo sahili: Lualaba unakwenda wapi? Kusema “The Lualaba flows north” ni kueleza mwendo wa mto ulivyo mwaka wote, kiangazi na masika, msemaji awe ukingoni au awe amelala London. Lakini anayesimama gatini Nyangwe akaona maji yamepanda kuliko asubuhi atasema “The river is rising”. Sentensi ya kwanza inahusu mto. Ya pili inahusu siku ile.

Umbo sahili halimhakikishii mtu kwamba anachosema ni kweli. Livingstone alitumaini kwamba Lualaba ni chanzo cha Nile. “The Lualaba feeds the Nile” ni sentensi safi kabisa ya kisarufi, na ni uongo wa kijiografia, kwa sababu mto huo ndio Kongo yenyewe. Kinachopimwa na umbo la kitenzi ni namna msemaji anavyoliona jambo: kama tabia na desturi, au kama kitu kilichoanza na ambacho kitakwisha.

Dai la tatu: tafuta neno la wakati, ukiona “now” weka “-ing”, ukiona “always” au “every day” weka umbo sahili

Hii ni mbinu ya mtihani, na siwezi kusema haisaidii kamwe. Inasaidia pale mtunga swali alipoamua kumwonea huruma mtahiniwa. Nje ya hapo inaanguka. “Now I understand” ni sahihi, na “now” imo. “He is always asking for money” ni sahihi, na “always” imo. Msemaji amechoka na mwombaji huyo, na “-ing” ndiyo inayobeba uchovu wake. “We are leaving on Monday” ina “-ing” wakati safari bado, kwa sababu imeshapangwa. “I am teaching in Kindu this month” inaweza kusemwa na mwalimu wa Kabambare akiwa mezani anakula, mbali kabisa na ubao, kwa sababu anajua kazi hiyo ni ya muda, mwezi ukiisha atarudi kwake.

Tuseme kijana yuko mbele ya anayemhoji kwa kazi, akaulizwa: “What do you do?” Hakuna “now”, hakuna “every day”, hakuna neno lolote la kumwongoza. Amejifunza kwamba “do” ni kufanya, na kwamba anayeulizwa anafanya nini hueleza anachofanya, basi anajibu: “I am sitting here.” Aliulizwa kazi yake. Alipaswa kusema “I repair motorcycles” au “I teach mathematics”. Kama angeulizwa “What are you doing?”, jibu lake lingekuwa sahihi. Maswali hayo mawili yanatofautiana kwa kitenzi kisaidizi na mwisho wa kitenzi kikuu, na hapo ndipo mtu anapopimwa kama anaelewa au anabahatisha.

Badala ya kuwinda neno, afadhali mwanafunzi ajiulize: hili ni hali, au ni tendo? Kama ni tendo, ni desturi, au ni la muda tu? Maswali haya yanamfaa hata pale ambapo sentensi haina neno la wakati.

Dai la nne: “do” ni pambo tu, halina maana

Linaonekana hivyo kwa sababu Kiswahili hakilihitaji. “Unauza mchele?” inakuwa swali kwa sauti tu. Lakini katika Kiingereza cha leo, “do” ndiyo inayobeba alama za wakati na za nafsi pindi kitenzi kinapoingia kwenye swali au kanushi.

Tuitazame kwa karibu. “She sells rice.” Ile “-s” ya “sells” inatuambia mtendaji ni mmoja, naye ni “yeye”. Ukiuliza, “do” inakuja mbele na kuichukua ile “-s”: “Does she sell rice?” Kitenzi kikuu kimebaki mtupu. Ukikana, ni hivyohivyo: “She does not sell rice.” “-s” iko moja tu katika sentensi nzima, haipatikani mahali pawili. Anayeandika “Does she sells?” ameilipa mara mbili.

Kwa nini kosa hilo linatutokea sana? Kwa sababu lugha yetu inafanya kinyume. Katika “alikuwa anauza”, kitenzi kisaidizi kina “a-” yake na kitenzi kikuu kina “a-” yake. Katika “nilikuwa nimefika”, “ni-” imetajwa mara mbili. Kwetu kila kitenzi kinajitambulisha chenyewe. Katika Kiingereza anajitambulisha wa kwanza tu. Anayemfuata anakaa katika umbo aliloagizwa. “Do”, “can”, “must” na “will” zinaagiza kitenzi kitupu: “he can speak”, kamwe si “he can speaks”. “Be” inaagiza “-ing”: “he is speaking”. “Have” inaagiza umbo la tatu: “he has spoken”. Mwanafunzi akishajua nani anaagiza nini, “Are you work here?” na “Do you are a teacher?” zinaondoka zenyewe, kwa sababu anaona kwamba ya kwanza imeita msaidizi asiyehusika, na ya pili imeita msaidizi wakati “be” inajitosheleza.

Kwamba “do” ni kitu cha ajabu, tukubali: hata Waingereza hawakuzaliwa nayo. Ilienea katika maswali na kanushi polepole, hasa kati ya karne ya 15 na ya 17, na katika maandishi ya Shakespeare, aliyefariki 1616, maswali yenye “do” na yasiyo nayo yanakaa pamoja. Lakini anayeishangaa asisahau kanushi yetu sisi. “Anauza” inakuwa “hauzi”: mwanzo umebadilika, “-na-” imepotea, mwisho umegeuka “-i”. Aliyeyamudu hayo tangu utotoni hawezi kushindwa na “does not”.

Dai la tano: “-me-” ni “have”

“Nimekula” ni “I have eaten”, sawa. Kutoka hapo watu wanajenga sheria, na sheria inaanguka mapema. “Amelala” kwa kawaida ni “He is asleep” au “He is sleeping”. “Amevaa kanzu” ni “He is wearing a kanzu”. “Amesimama mlangoni” ni “He is standing at the door”. “Nimechoka” ni “I am tired”. Kiswahili kinatazama tendo lililokamilika, na matokeo yake ndiyo tunayoyaona. Kiingereza hapo kinataja hali yenyewe, na kinatumia “be”. Mwanafunzi anayeandika “He has slept” akimwonyesha mtu aliye kitandani anakoroma amesema kwamba usingizi umeshakwisha.

Upande wa pili kuna shimo linalochimbwa na Kifaransa. “Je l'ai vu hier” ina “avoir” ndani yake, basi mwanafunzi anaandika “I have seen him yesterday”. Kiingereza hakikubali, kwa sababu “have” ni ya wakati uliopo: inatazama jana ikiwa imesimama leo. Ukitaja siku iliyokwisha, sema “I saw him yesterday”.

Na kuna mahali ambapo Kifaransa na Kiswahili vinashirikiana kumpotosha. “J'habite Kasongo depuis 2015”, “Ninaishi Kasongo tangu 2015.” Lugha zote mbili zinatumia wakati uliopo wa kawaida, basi inatoka “I live in Kasongo since 2015”. Kiingereza hapa ndipo kinapoitaka “have”: “I have lived in Kasongo since 2015.” Kwa hiyo mwenye sheria ya “-me- ni have” anaiweka “have” pasipohitajika na kuikosa panapohitajika. Sheria ya namna hiyo ni afadhali ifutwe ubaoni.

Dai la sita: Kingwana ndicho kinachoharibu Kiingereza cha watoto

Hili linasemwa na watu wa heshima, tena kwa Kifaransa kizuri. Wanasema Kingwana ni lugha iliyovunjika, haina nyakati, na mtoto aliyelelewa nayo hawezi kutofautisha “I work” na “I am working”.

Kwanza, historia. Kiswahili hakikufika hapa kama masazo. Njia ya misafara kutoka Ujiji ilivuka ziwa Tanganyika ikapita Kabambare hadi Kasongo na Nyangwe, na Kasongo ilikuwa makao ya mfanyabiashara Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el Murjebi, kabla majeshi ya mfalme Leopold wa Ubelgiji hayajauteka mji mwaka 1893. Mtu huyo aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha 1902 na 1903. Mwaka 1928 misheni ya Wayika ilichapisha sarufi nzima ya Kingwana, kazi ya John na L. F. Whitehead. Lugha isiyo na kanuni haiandikiwi sarufi. Na Katiba ya 2006 inakihesabu Kiswahili kati ya lugha nne za taifa.

Pili, sarufi yenyewe. Msikilize mtu wa mashariki ya Kongo anayeingiliwa akiwa na kazi mkononi: “Ngoja, niko nasoma.” Hicho “niko” ni nini kama si kitenzi kisaidizi? Kinasimama mbele ya kitenzi kikuu, kinaonyesha kwamba tendo liko njiani, sawasawa na “am” katika “I am reading”. Kisha sikiliza Bukavu au Goma: “nasomaga”. Lubumbashi: “nasomaka”. Mwisho huo wa “-aga” au “-aka” unasema ni desturi ya mtu, kazi ambayo “hu-” inaifanya katika “husoma” ya Kiswahili sanifu. Kwa hiyo Kiswahili cha Kongo kina maumbo mawili yaliyo wazi, moja la tendo linaloendelea na jingine la mazoea. “Niko nasoma” inakwenda “I am reading”. “Nasomaga” inakwenda “I read”. Tofauti inayosemekana haimo vichwani mwa watoto wetu, wao wanaitamka kila siku.

Sasa ulinganishe na Kifaransa, lugha ambayo walalamikaji wanaiona ni ngazi ya kupandia Kiingereza. “Je lis” ni “I read” na pia ni “I am reading”. Kifaransa kina “être en train de”, lakini mtu hutumia akitaka kusisitiza tu, sarufi haimlazimishi. Hata Kiswahili cha vitabu kinayumba hapo: E. O. Ashton, katika sarufi yake ya 1944, alitenganisha “-a-” na “-na-”, lakini leo ukisema “nasoma” msikilizaji hawezi kujua kama ni “-a-” au ni “ninasoma” iliyofupishwa. Katika lugha ambazo mwanafunzi wetu anazo mkononi shuleni na sokoni, inayokaribia zaidi mgawanyo wa Kiingereza ni ileile anayokatazwa kuitumia darasani.

Daraja hilo lina mwisho wake, na mwalimu lazima aonyeshe lilipoishia. Ukimsikia mtu akisema “niko nataka”, usimvushe moja kwa moja, ataangukia “I am wanting”. Vitenzi vya hali vinarudi kwenye dai la kwanza. “Have” nayo ina somo lake. Hata hivyo, kwa vitendo vya kila siku, kuuza, kulima, kuvua, kufundisha, kutengeneza, jaribio la “niko” na “-aga” linajibu kabla mwanafunzi hajafungua kitabu. Mpe “Mama anauza mchele” na umwulize: kwa Kingwana ungesema “iko nauzisha” au “anauzishaga”? Akishachagua, umbo la Kiingereza limeshachaguliwa.

Wenye madai haya wana haki katika jambo moja: vitabu ni vichache, na watoto hawasikii Kiingereza cha kutosha. Hilo halitatibiwa na makala. Lakini uchache wa vitabu hauwezi kuandika “I am knowing” katika daftari la mtoto. Sentensi hiyo aliitoa kwenye kanuni ya ubaoni iliyomwambia kwamba “-na-” ni “-ing”. Aliyeiandika kanuni hiyo ndiye anayepaswa kuifuta, na akishaifuta aandike “niko nasoma” na “nasomaga” mahali pake, kisha awaulize wanafunzi wenyewe tofauti iko wapi.